Gunia la Wapi, Shilingi ya Nani: Kuandika Maelezo ya Zana za Ajenti wa Akili Unde

Maelezo ya zana ni maneno machache yanayoijulisha modeli ya lugha kwamba kuna kazi fulani inayoweza kuagizwa, kazi hiyo hufanya nini, na inahitaji kupewa nini ili ifanyike. Modeli yenyewe haiwezi kufungua daftari la bei, kutuma ujumbe wa simu wala kulipa fedha. Inachoweza ni kuandika ombi lenye jina la zana na thamani za vigezo vyake. Programu iliyoizunguka hulisoma ombi hilo, huifanya kazi, kisha huirudishia modeli majibu. Modeli inayoachiwa iagize, isome majibu na kuagiza tena mpaka shughuli iishe ndiyo inayoitwa ajenti.

Ajenti haoni ndani ya zana. Anachokiona ni jina, maelezo, na orodha ya vigezo pamoja na aina zake. Msimbo unaofanya kazi yenyewe umefichika kwake. Mtaalamu wa programu akikutana na kazi asiyoielewa hufungua msimbo akausoma, au humpigia simu aliyeuandika. Ajenti yuko katika hali ya konda aliyekabidhiwa stendi karatasi ya manunuzi ya watu wa kijijini: akifika dukani mjini, kilichoandikwa ndicho alicho nacho, na kilichosahaulika atakikisia.

Utaratibu huu bado mchanga. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wa Google walionyesha, kwa mbinu iitwayo ReAct, kwamba modeli inaweza kupokezanisha kufikiri na kutenda. Februari 2023 watafiti wa Meta walitoa Toolformer, modeli iliyojifunza yenyewe wakati wa kuita kikokotoo au kalenda. Juni mwaka huohuo OpenAI iliwapa waandishi wa programu njia rasmi ya kuorodhesha kazi zao pamoja na maelezo yake, na Novemba 2024 Anthropic ilitangaza itifaki ya MCP, inayowezesha zana iliyotungwa mara moja kutumiwa na programu nyingi tofauti. Tangu hapo mtunzi wa zana huwaandikia ajenti asiowajua, watakaohudumia watu asiowajua.

Kenyamonta, iliyoko Mkoa wa Mara katika ukanda wa Serengeti na Tarime, ni mahali pazuri pa kuuona ugumu wa kazi hii, kwa kuwa biashara yake ya kila siku imejaa mambo ambayo kila mtu anayajua na hakuna aliyeyaandika. Yanayofuata yametokana na kumbukumbu za kumjaribu msaidizi mdogo wa simu kwa ajili ya watu wanaouza mahindi, mtama na makopa kutoka vijijini kwenda Mugumu, Tarime na Musoma. Kazi zake zilikuwa za kawaida kabisa: kutafuta bei, kuandika mzigo unaoingia ghalani, kutuma ujumbe kwa wanachama wa kikundi na kuandaa malipo.

Zana ya bei ilianza na sentensi moja: “Hupata bei ya zao sokoni.” Hakuna uongo ndani yake, na mwenyeji akiisoma haoni pengo lolote, maana soko analijua na kipimo anakijua. Ajenti hajui kimojawapo. Swali la kawaida kutoka kwa mkulima huwa hivi: “Shikamoo, gunia leo linaendaje?” Ili kulijibu, lazima ijulikane ni gunia la zao gani, la soko gani, lenye uzito gani, na linauzwa kwa fedha ya nani.

Uzito peke yake unatosha kupoteza mtu. Tanzania gunia la mahindi huhesabiwa kuwa la kilo 100, na sheria ya vipimo hairuhusu mazao kufungashwa kupita hapo. Lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu, limepigwa vita na Wakala wa Vipimo kwa miaka mingi na bado linaonekana. Ukivuka mpaka pale Sirari ukaingia Isebania, upande wa Kenya, gunia la mahindi ni la kilo 90. Shilingi nayo hubadilika palepale mpakani: katikati ya mwaka 2024 shilingi moja ya Kenya ilikuwa karibu sawa na 20 za Tanzania. Mfanyabiashara wa Mara hutazama pande zote mbili kabla ya kupakia lori, na ajenti wake atalazimika kufanya hivyohivyo.

Chukua namba za mfano. Zana inarudisha 80,000 kwa Mugumu na 4,000 kwa Isebania. Ajenti makini anazidisha 4,000 kwa 20, anapata 80,000, anamwambia mwenye mzigo kwamba bei ni zilezile na nauli ya kwenda mpakani ni hasara tupu. Hesabu yake haina kosa lolote la kuzidisha. Lakini kwa kilo, Mugumu ni shilingi 800 na Isebania ni karibu 889, na kwa tani moja tofauti hiyo inakaribia shilingi 89,000. Kosa kama hili ni baya kuliko zana kukataa kufanya kazi, kwa sababu hakuna anayeliona: jibu limekuja haraka, lina namba kamili, na lugha yake ni fasaha.

Maelezo yaliyokuja kuchukua nafasi ya ile sentensi yalisomeka hivi:

“Hurudisha bei ya jumla ya zao moja katika soko moja, kwa shilingi za Tanzania kwa kilo. Bei za masoko ya Kenya huwa zimeshageuzwa kuwa shilingi za Tanzania, na kiwango kilichotumika huonyeshwa kwenye jibu. Itumie mtu anapouliza bei ya leo au ya siku zilizopita. Usiitumie kukadiria bei ijayo. Mtu akitaja gunia bila uzito, mpe bei ya kilo, kisha muulize gunia lake lina kilo ngapi. Kama bei ya siku iliyoombwa haipo, jibu huleta bei ya mwisho iliyopo na tarehe yake. Mtajie muulizaji tarehe hiyo.”

Sehemu kubwa ya mafanikio hapo haikutokana na maneno. Ilitokana na kuliondoa gunia ndani ya zana na kuweka kilo. Huu ni uzoefu unaojirudia kwa wengi: maelezo yanapokuwa marefu kwa sababu ya tahadhari, aghalabu zana yenyewe ndiyo iliyoumbwa vibaya. Desemba 2024 wahandisi wa Anthropic walisimulia kwamba, walipokuwa wakijenga ajenti wa kurekebisha programu, muda mwingi zaidi uliishia kwenye kuboresha zana kuliko kwenye maagizo ya jumla. Modeli yao ilikuwa ikikosea njia za mafaili kila ilipohama kutoka folda ya mwanzo, kwa vile zana ilikubali njia fupi inayotegemea mahali ajenti alipo. Walibadilisha zana ikawa inadai njia kamili kuanzia mzizi, na makosa hayo yakakoma. Onyo refu lisingefua dafu mbele ya kigezo kinachoruhusu kukosea.

Majina ya mahali yana ugumu wake, na Mara umezidi. Kigezo kinachoitwa “eneo” kikipewa neno “Serengeti” kinaweza kumaanisha wilaya yenye makao yake Mugumu, au Hifadhi ya Taifa yenye ukubwa wa kilomita za mraba 14,763, ambayo imeenea hadi mikoa ya Simiyu na Arusha. Kwa kazi nyingine tofauti hiyo ni ndogo. Kwa hali ya hewa si ndogo hata kidogo. Tambarare za kusini-mashariki mwa hifadhi hupata mvua chache kuliko upande wa kaskazini-magharibi unaokaribia Kenyamonta, kwa hiyo ajenti aliyechukua utabiri wa katikati ya hifadhi atamshauri mkulima asubiri kupanda wakati mashamba ya jirani zake yameshalowa. Jina “Mara” nalo ni la mkoa, ni la mto utokao nyanda za juu za Mau nchini Kenya kuelekea Ziwa Viktoria, na kwa nusu ya dunia ni hifadhi ya Maasai Mara. Tarime ina mji na ina wilaya, kila kimoja kikiwa na halmashauri yake, na takwimu za kabla ya mwaka 2007 huihesabu Rorya ndani yake.

Hapa pia dawa ilikuwa kuibana zana. “Eneo” liliondolewa, vikawekwa vigezo viwili, “kata” na “wilaya”, na thamani zake zikachukuliwa kutoka kwenye orodha iliyofungwa. Ajenti hawezi kubuni kata isiyo kwenye orodha, na akikwama hulazimika kuuliza. Orodha iliyofungwa ina gharama yake, kwa maana kata mpya zikianzishwa lazima mtu akumbuke kuziongeza. Lakini usumbufu huo ni mwepesi ukilinganisha na utabiri wa mvua wa mahali pengine.

Saa inahitaji aya moja tu. Mkutano wa saa mbili asubuhi ni wa 08:00, ilhali modeli iliyofunzwa kwa maandishi mengi ya Kiingereza ina kishawishi cha kuandika 02:00, na ujumbe ukawaamsha wanachama saa nane usiku. Seva nyingi, juu ya hayo, hutumia saa za kimataifa, zilizo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kigezo kilichobatizwa “muda_wa_kutuma” kiliandikiwa: mtindo wa saa 24, saa za Afrika Mashariki, saa mbili asubuhi ni 08:00 na saa mbili usiku ni 20:00. Mifano miwili iliyowekwa kwa makusudi ilifanya kazi zaidi kuliko kanuni yoyote. Tahadhari moja tu: ajenti hupenda kuazima mfano. Maelezo yakitaja Mugumu kama mfano wa soko, swali lisilotaja soko lina hatari ya kujibiwa kwa bei ya Mugumu, kwa hiyo mfano wa zana ya bei ulifuatiwa na maneno “soko lisipotajwa, uliza”.

Zana zikiwa kadhaa, maelezo ya kila moja hayana budi kuonyesha pia mpaka wake na jirani yake. Katika orodha moja kulikuwa na “tafuta_mkulima” na “tafuta_mwanachama”, na hata msomaji wa kibinadamu asingejua tofauti. Ya kwanza ilisoma daftari la watu wote waliowahi kuleta mzigo, ya pili ilisoma rejesta ya waliolipa kiingilio. Mtunzi anaweza kueleza hivyo kwa sentensi moja kila upande, au akaziunganisha ziwe zana moja yenye kigezo cha hali ya uanachama. Njia ya pili ni bora karibu kila mara. Kila zana inayoongezwa huchukua nafasi katika maandishi ambayo modeli inasoma kabla ya kufanya chochote, na huongeza njia ya kupotea. Watengenezaji wengi hugeuza kila kitufe cha mfumo wao kuwa zana kwa sababu ni rahisi kufanya hivyo, kisha wanashangaa ajenti kuchagua isiyofaa.

Utafutaji wa watu ulifichua jambo ambalo mgeni asingelitarajia. Huko Tarime na Serengeti majina ya Chacha, Marwa, Mwita, Bhoke na Ghati yamo karibu katika kila boma. Ukitafuta “Mwita Chacha” katika rejesta ya wanachama unaletewa watu kadhaa, wote halali. Zana iliyotungwa na mtu aliyezoea mahali ambapo jina na ukoo hutosha itarudisha wa kwanza kwenye orodha na kunyamaza. Ajenti ataendelea na huyo, na hatua inayofuata ni malipo. Kwa hiyo zana ilielekezwa irudishe wote wanaolingana, pamoja na kijiji na tarakimu nne za mwisho za simu, na maelezo yakasema wazi: “Majina hufanana sana. Wakipatikana zaidi ya mmoja usichague. Muulize mtumiaji kijiji au tarakimu za mwisho za simu.” Namba za simu zenyewe zilihitaji sentensi yao, kwa kuwa karibu na mpaka watu huwa na laini za nchi zote mbili, na namba inayoanza na sifuri mara nyingi haisemi kama ni ya +255 au ya +254.

Zana inayosoma na zana inayotenda hazifai kuandikiwa kwa uzito mmoja. Kutafuta bei mara mbili hakumdhuru mtu. Kutuma fedha mara mbili kunamdhuru, na kuzirejesha kutoka kwa aliyezipokea kimakosa ni safari ndefu. Maelezo ya zana inayotenda lazima yaseme kinachobadilika duniani baada ya kuiita, kama kinaweza kurudishwa, na nini hutokea ombi likirudiwa. Hilo la mwisho husahauliwa sana. Mtandao ukikatika katikati ya ombi, jambo la kawaida vijijini, ajenti haoni jibu na silika yake ni kujaribu tena. Zana ikidai namba ya muamala ambayo ombi la marudio litaibeba vilevile, mfumo hutambua kwamba malipo ni yaleyale. Itifaki ya MCP, tangu toleo la Machi 2025, inatoa nafasi ya kuweka alama kwamba zana ni ya kusoma tu au kwamba inaweza kuharibu.

Hata hivyo maelezo ni ushauri, na ushauri haufungi mlango. Kuandika “usilipe bila idhini ya mweka hazina” kunasaidia siku nyingi na kunashindwa siku moja. Kazi ya malipo iligawanywa mara mbili: ajenti aliachiwa “andaa_malipo”, inayotengeneza orodha na kuishia hapo, na hatua ya kulipa ikabaki nje ya uwezo wake, ikisubiri mweka hazina abonyeze mwenyewe kwenye simu yake. Maelezo ya zana yalisema hivyo bila kuficha, ili ajenti asimwambie mkulima kwamba fedha zimeshatumwa.

Majibu ya zana ni sehemu ya maelezo yake, ingawa huandikwa mahali pengine. “Hitilafu 400” haimfundishi ajenti chochote. Atarudia ombi lilelile au atabuni jibu. “Kata haijapatikana katika wilaya hiyo, kata zinazokaribiana kwa jina ni hizi” humrudisha njiani kwa hatua moja. Kadhalika jibu lenye vitambulisho virefu vya tarakimu na herufi lina manufaa madogo kuliko jibu lenye jina la kijiji, zao na kilo. Na jibu tupu lazima lijieleze: hakuna bei kwa sababu soko halikukaa siku hiyo, au kwa sababu takwimu hazijaingia? Kwa muuzaji hizo ni habari mbili tofauti.

Swali la lugha huulizwa kila zana inapotungwa kwa watumiaji wa Kiswahili. Modeli kubwa hufuata maagizo ya Kiswahili vizuri kuliko zamani, lakini maandishi ya Kiswahili kwa kawaida hukatwa vipande vingi zaidi ndani ya modeli kuliko ya Kiingereza, na gharama hupanda ipasavyo. Katika jaribio la Kenyamonta maelezo yalibaki katika Kiswahili, kwa sababu isiyo ya kiufundi: katibu wa ghala, ambaye hajui msimbo, aliweza kuyasoma na kuonyesha palipopotoka. Ni yeye aliyeona kwamba “mahindi” hayakutenganisha mabichi ya kuchoma na makavu ya kusaga. Mfanyakazi wa ghala ni mhariri bora wa maelezo ya zana kuliko mhandisi, akipewa nafasi ya kuyasoma.

Maelezo hayajulikani ubora wake mpaka yatumike. Njia inayofaa ni kukusanya maswali kama watu wanavyoyauliza kweli, yenye makosa ya tahajia, salamu ndefu na mambo mawili katika ujumbe mmoja, kisha kusoma kila ombi ambalo ajenti aliandika, pamoja na jibu lake la mwisho. Kosa mara nyingi limo katikati. Septemba 2025 Anthropic ilieleza kwamba zana yake ya kutafuta mtandaoni ilipoanza kutumiwa, modeli ilikuwa ikibandika “2025” kwenye maneno ya utafutaji bila sababu na kuyapotosha matokeo. Marekebisho ya maelezo ya zana ndiyo yaliyoinyoosha. Hakuna mtumiaji ambaye angelalamikia jambo hilo, kwa kuwa majibu yalikuja tu, yakiwa na kasoro kidogo. Linaonekana kwa anayesoma kumbukumbu za maombi. Kila badiliko la maelezo linahitaji maswali yaleyale yapitishwe upya, maana sentensi inayotibu zana moja huweza kuivuta kazi ya zana nyingine.

Limebaki suala la nani anayeandika. Kwa kuwa ajenti huyachukulia maelezo kama maneno ya kufuatwa, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuyatumia kumwelekeza. Aprili 2025 kampuni ya Invariant Labs ilionyesha jinsi maelezo ya zana inayoonekana ya kawaida yanavyoweza kubeba maagizo yaliyofichika kwa mtumiaji, yakimtaka ajenti asome mafaili ya siri na kuyatuma kwingine kupitia kigezo kisicho na maana. Zana hiyo si lazima iitwe. Inatosha maelezo yake yawemo kwenye orodha anayosoma ajenti. Yanaweza pia kubadilishwa baada ya mtumiaji kuikubali zana yakiwa safi. Alama za MCP za “kusoma tu” hazitoi kinga hapo, na itifaki yenyewe inaagiza zisiaminiwe isipokuwa zimetoka kwenye seva inayoaminika. Kikundi kinachochukua zana za watu wengine, kwa mfano ya hali ya hewa au ya bei za mikoa mingine, kinapaswa kuyasoma maelezo yote yakiwa wazi, kutunza nakala ya toleo lililokubaliwa, na kuizuia zana ifanye kazi pindi maelezo yake yanapotofautiana na nakala hiyo mpaka mtu ayapitie tena.